Dogo na ubao wa mtumbwi

Juzi kati nilikua Kirumba hapa Mwanza namsubiri dada anunue dagaa pale Mwaloni, kugeuka namkuta mwanae kajipanga na watoto wanaopiga samasoti kwenye mchanga, na zamu ni yake! Nilipiga ukelele wauza dagaa wote wakageuka. Dogo ana miaka 11, ana Down sindromu, ile hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa mwili na akili. Watu wakaniona anko roho mbaya, namnyima mtoto raha.

Sikilizeni basi. Watoto wa hivi viungo vyao huwa vimelegea, na baadhi yao pingili mbili za juu kabisa za shingo hazijakaza, sasa umbinue kichwani uone, uti wa mgongo unaweza ukabanwa. Hayo nimeyajua nilivyoanza kufuatilia jimnastiki ya Special Olympics, ile michezo ya watu wenye ulemavu wa akili iliyoanzia Chicago 1968. Siyo kwamba wamekatazwa jimnastiki, hapana, ila daktari kwanza. Sisi wa kwanza tuliyemfuata alituambia "huyu mwacheni tu akae nyumbani", dada kalia kwenye daladala mpaka Buzuruga. Wa pili ndo akamshika shingo, akamtembeza, akauliza mikono inakufa ganzi? mwendo umebadilika? anajikojolea siku hizi? Akasema kucheza acheze, kubinuka asubiri kwanza.

Kilichonivutia mimi ni hao Special Olympics walivyopanga ngazi za ugumu. Boriti ya mashindano tunayoiona kwenye tivii, ule mti mwembamba wanaotembea juu yake, ina upana wa sentimita 10 na iko juu mita 1.25, mi mwenyewe siipandi hata mnilipe. Lakini kwa wanaoanza boriti inakaa chini, unatembea tu, unageuka, unamaliza, na unashindana na wa umri wako mnaolingana uwezo.

Basi nikaenda kwa fundi mitumbwi nikaomba ubao uliobaki, nikaupiga msasa, tukaulaza uani kwetu kwenye jiwe bapa (Mwanza bana, uani lazima jiwe liwepo). Wiki tatu anakanyaga nje. Nikimshika mkono anautoa kwa hasira.

Sasa hivi anafika mwisho peke yake, halafu ananyoosha mikono juu na hashuki mpaka wote tupige makofi. Jana bibi wa jirani alikua anafunga kitenge chake vizuri, mikono haiko huru, basi dogo kasimama pale pale mikono juu, anamwangalia tu.

"Bibi, bado wewe."