Gojira wa 1954 na Watu Aliowakanyaga

Filamu ya Gojira (Godzilla), kuhusu dubwana linaloamshwa na majaribio ya mabomu ya haidrojeni na kutoka baharini kuukanyaga mji wa Tokyo, ambayo Ishirō Honda aliiongoza na studio ya Toho ikaitoa nchini Japani tarehe 3 Novemba 1954, niliijua utotoni kupitia kanda ya video ya toleo lililotengenezwa kwa ajili ya Marekani mwaka 1956. Nilichokipenda wakati huo ni kishindo cha hatua na ule mngurumo. Ukubwani nililipata toleo la asili la Kijapani, na tangu hapo naiheshimu zaidi kwa jinsi inavyokaa na watu waliokanyagwa, ikawaangalia bila haraka.

Mngurumo wenyewe bado unanisisimua. Akira Ifukube, mtunzi wa muziki wa filamu hii, aliutoa kwenye kontrabasi, fidla ile kubwa inayochezwa kwa kusimama: nyuzi zililegezwa, zikasuguliwa kwa glavu ya ngozi iliyopakwa utomvu, kisha sauti iliyorekodiwa ikapunguzwa kasi. Ndiyo maana ukisikiliza vizuri unasikia ghadhabu na maumivu kwa pamoja, kama ya mnyama aliyejeruhiwa. Kwa upande wa picha, Eiji Tsuburaya, msimamizi wa mbinu maalumu za picha, alimvika mwigizaji Haruo Nakajima vazi zito la mpira la Gojira, akampitisha katikati ya Tokyo ndogo ya kuundwa kwa mkono, na kamera ikanasa kwa kasi kubwa kuliko kawaida ili kwenye skrini kila hatua ionekane nzito na kila ukuta uanguke polepole.

Lakini mtazamaji wa Japani wa mwaka ule hakuhitaji kuelezwa dubwana hili limetoka wapi. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Bikini, na majivu yenye mionzi yakawaangukia mabaharia 23 wa Daigo Fukuryū Maru, chombo cha kuvulia jodari. Aikichi Kuboyama, aliyekuwa fundi wa redio chomboni, alifariki mwezi Septemba, wiki chache tu kabla ya filamu kuonyeshwa. Filamu inaanza na mabaharia wakipumzika sitahani, mara bahari inamulikwa na mwanga mkali na chombo chao kinateketea. Baadaye abiria mmoja wa kike ndani ya treni analalamikia jodari wenye mionzi, na kusema kwamba hakunusurika Nagasaki ili aje afe hivi. Maneno hayo hayamo katika toleo la Marekani, na kwangu mimi kuyaondoa ni kuing'oa filamu moyo. Honda mwenyewe, alipokuwa akirejea nyumbani kutoka vitani China, alipita Hiroshima.

Kuna mama ninayemkumbuka kuliko Gojira mwenyewe. Mji unawaka, naye amejikunyata chini ya jengo huko Ginza, amewakumbatia watoto wake, akiwaambia kwamba karibu wataungana na baba yao. Hatumjui jina, wala hatumwoni tena. Asubuhi yake tunaingizwa hospitalini, ambako majeruhi wamelazwa hadi sakafuni kwenye korido, na daktari anamsogezea mtoto mdogo kipima mionzi, anasikiliza, kisha anatikisa kichwa. Filamu nyingi za aina hii nilizoziona baadaye hukimbilia pambano linalofuata. Honda anabaki wodini.

Kutokana na wodi hiyo ndipo uamuzi wa Daktari Serizawa unapata uzito. Mwanasayansi huyu, aliyefunikwa jicho moja, amegundua kitu kinachoangamiza kila kiumbe majini, na anakataa kukitumia kwa sababu anajua wanasiasa wakishakiona watakigeuza silaha. Anabadili nia anaposikia kwenye televisheni kwaya ya wasichana wakiwaombea wafu na wanaoteseka. Hapo anazichoma karatasi zote za utafiti wake, na akishamaliza kazi ya kumuua Gojira chini ya bahari anaikata kamba iliyopaswa kumrudisha juu, ili siri ife pamoja naye. Akihiko Hirata aliigiza nafasi hiyo kwa utulivu mkubwa, bila kelele wala machozi.

Anayetaka kuitazama kwa mara ya kwanza alitafute toleo la Kijapani, lenye dakika 96, alitazame usiku taa zikiwa zimezimwa na sauti ikiwa juu.