Madema ya mwanga, Mji Mkongwe: kumbukumbu ya mradi, awamu ya pili

Mpango haujabadilika: madema tisa (mitego ya samaki ya mwanzi uliosukwa) kando ya uchochoro mmoja wa Mji Mkongwe, Unguja, kila dema na taa yake ndani, vivuli vya msuko vitambae kwenye ukuta wa mbele usiku wa sanaa za mwanga. Projekta haimo. Kule Lyon, Ufaransa, kwenye sherehe ya taa ya kila Desemba, picha hurushwa kwenye uso wa jengo kutoka ng'ambo ya uwanja. Hapa uchochoro una mita 3. Projekta inayotaka mita 1.2 za umbali kwa kila mita ya upana wa picha itatoa picha ya mita 2.5, na kila mpita njia ataikata. Dema linajaza ukuta kwa wati 5.

Kazi kubwa ya awamu hii ni ukali wa kivuli. Ukungu wa ukingo hupatikana hivi: upana wa chanzo cha mwanga, zidisha kwa umbali kutoka uso wa dema hadi ukutani, gawanya kwa umbali kutoka taa hadi uso wa dema. Taa iko sentimita 30 nyuma ya uso wa dema, ukuta uko mita 2.4 mbele yake. LED bapa yenye duara la milimita 10 inatoa ukungu wa milimita 80. Ufito wa mwanzi wenye upana wa milimita 8 unakuzwa mara tisa, unakuwa milimita 72. Ukungu umeuzidi ufito, kwa hiyo hakuna kivuli, kuna madoa ya kijivu tu. LED ya chembe moja, upana milimita 3, inashusha ukungu hadi milimita 24, na kila jicho la msuko linasomeka. Lenzi na kioo cheupe cha kutawanya mwanga viondolewe, maana vyote vinatanua chanzo. Kuongeza wati hakusaidii chochote hapa.

Taa imefungwa kwenye bomba la kusimamishia, si kwenye dema. Dema linaning'inia huru kwa kamba mbili kuizunguka, mkono wa taa ukiingia kwa nyuma na nafasi ya sentimita 5 kila upande. Dema likisogea sentimita 1, kivuli kinasogea 9. Upepo ndio unaoendesha picha, bila mota wala programu. Ila ukiachiwa sana watazamaji wanapata kizunguzungu, kwa hiyo chini kuna mshipi unaoruhusu sentimita 2 tu kila upande.

LED inaendeshwa kwa ampea 1.5, volti 3.2 hivi. Zaidi ya nusu ya nguvu hiyo ni joto, kwa hiyo nyuma kuna bati la alumini la milimita 3, sentimita 10 kwa 10, na dawa ya kupitisha joto katikati. Bati la 6 kwa 6 linaunguza mkono. Ukingo wa chini wa bati umekunjwa mbele, aliye chini asiione chembe yenyewe.

Kutoboa ukuta ni marufuku kwetu hata pale ambapo mwenye nyumba hajali. Mawe ya matumbawe na plasta ya chokaa hayashiki skrubu, na saruji ya kuziba tundu hufungia unyevu ndani hadi plasta inabanduka. Kila dema lina bomba la jukwaa la mita 4 kwenye kitako cha sentimita 60 kwa 60, na mifuko minne ya mchanga ya kilo 20. Hesabu: upepo wa mita 15 kwa sekunde unasukuma msuko kwa nyutoni 40 hivi, kwenye urefu wa mita 3.2, yaani nguvu ya kuangusha ya nyutoni-mita 128. Kitako kinahimili 235. Kuna pendekezo zuri la kufunga kaniki mgongoni mwa dema ili mianzi ya nyuma isirudishe mwanga na kufifisha vivuli. Limekataliwa: kaniki inakuwa tanga, nguvu ya kuangusha inapanda hadi 256, bomba linalala. Mgongo umepakwa rangi nyeusi isiyong'aa, basi.

Umeme ni wa betri. Unguja hutegemea waya wa chini ya bahari kutoka bara, na hitilafu ya Desemba 2009 iliwaacha watu gizani takriban miezi mitatu. Taa tisa pamoja na upotevu wa draiva (kifaa kinachodhibiti umeme wa LED) ni wati 53. Kuanzia saa 2 usiku, baada ya Isha, hadi saa 5 ni wati-saa 159. Betri ya lithiamu-fosfeti ya volti 12.8, ampea-saa 20, inatosha bila kuikausha. Ikae katikati ya mstari: mwishoni, waya wa milimita mraba 2.5 unaweza kula karibu volti 2, katikati haifiki nusu volti. Fyuzi ya ampea 7.5 iwe karibu na ncha chanya, si kwenye taa.

Chumvi ndiyo adui wa kudumu. Dema lililokwisha vua lisuuzwe kwa maji yasiyo ya chumvi mpaka lisiwe na ladha ya chumvi, la sivyo hunyonya unyevu kila usiku na viungio vya waya vinaota kutu ya kijani. Silikoni iwe isiyonuka siki. Ile yenye siki hula shaba.

Kilichobaki ni taa ya mtaani. Dema linatoa laksi (kipimo cha mwanga unaoangukia uso) 22 ukutani, taa ya nguzo 10. Penye mwanga ni 32, penye kivuli 10, uwiano wa tatu kwa moja, hafifu. Taa ya nguzo ikishushwa hadi laksi 1, uwiano unafika 23. Mbalamwezi haifiki hata nusu laksi, kwa hiyo kalenda ya mwezi haituhusu, masika ndiyo yanatuhusu. Barua ya kuomba kufunika taa hiyo kwa saa tatu inakwenda pamoja na ya kibali cha uhifadhi, na nyumba nne zenye madirisha upande wa vivuli zinaulizwa kwanza.