Mama Yangu Saa Hizi Yuko Nyumbani

Nimerudi tangu Jumatatu jioni, miguu imepoa, baiskeli imeoshwa udongo mwekundu wa Voi, na bado silali usiku bila kwanza kulisikia tena neno nililoambiwa juu ya kilima cha Mazeras. Nilikuwa nimewaahidi habari za safari yote, siku nne na takriban kilomita 480 kwa baiskeli kutoka Mama Ngina, ufukweni Mombasa, hadi Nairobi, na habari hizo ninazo; lakini kila nikianza kuziandika najikuta nimerudi pale pale kilimani. Kwa hiyo nimeona afadhali niandike la Mazeras, na mengine yapite njiani.

Tuliondoka Alhamisi baada ya sala ya alfajiri, watu 22, taa nyekundu zikimeta nyuma ya kila baiskeli. Daraja la Makupa tulilivuka kungali giza, tukapita Changamwe na Miritini wawili wawili, kisha tukajipanga msururu mmoja malori ya bandarini yalipoanza kuzidi. Wanaoijua njia hiyo kwa basi hawajui kwamba pale pana mlima, maana abiria husikia tu dereva akibadilisha gia, kisha husahau. Mwendesha baiskeli anaanza safari akiwa usawa wa bahari, na Nairobi iko juu kiasi cha mita 1,700, na kila mita ya hizo ni lazima itoke mapajani mwake. Kutoka Bonje kwenda juu ndipo deni hilo linapoanza kudaiwa.

Nilikuwa nimekwisha kushuka hadi gia nyepesi kuliko zote, wenzangu wamenitangulia wote isipokuwa wawili, na trela moja lilikuwa linapanda sambamba nami polepole hata niliweza kuhesabu nati za magurudumu yake. Ndipo nilipohisi kiganja katikati ya mabega yangu. Sauti ikasema, "Shikilia usukani tu, mama." Nikashikilia. Nilisukumwa hivyo, sijui mita mia mbili au mia tatu, mkono mmoja mgongoni pangu na mwingine ukiongoza baiskeli yake mwenyewe, mpaka barabara ikalegea na Mazeras ikaonekana, vibanda vyake vikianza kufunguliwa. Mkono ukaondoka. Nikageuka nikamwona yule kijana wa Jomvu, yule mwembamba niliyewahi kuwasimulia kwamba huja mazoezini bila maji. Nikamwambia, "Ahsante, mwanangu."

Akanijibu, "Mama yangu saa hizi yuko nyumbani."

Hakutabasamu wala hakukunja uso. Alikanyaga pedali mara tatu akanipita, akawafuata wenzake.

Kuhusu mkono wenyewe sina neno. Kiongozi wa msafara alitueleza tangu mazoezi ya kwanza ya kwenda Kilifi kwamba katika makundi ya baiskeli ni ada mwenye nguvu kumwekea mkono mgongoni aliyechoka, na kila mtu aseme mapema kama hataki. Mimi sikusema kwamba sitaki. Kijana yule ni rika la mtoto wangu wa tatu, na kiganja chake kilikuwa kiganja cha heshima. Lililonichoma ni lile neno.

Nimeligeuza kila upande. Kama angesema "hata mama yangu hawezi haya," ningejua kuwa amenisifu. Kama angesema "mama yangu hukaa nyumbani," ningejua kuwa amenikanya, na ningekuwa na jibu, kwa sababu jibu hilo nimekuwa nalo tangu siku niliponunua baiskeli hii ya mtumba na baba watoto akanuna wiki mbili. Lakini alisema "saa hizi." Kwetu, mtu akikuuliza "saa hizi watoka wapi?", haulizi saa. Anakuambia kwamba umekosea mahali pa kuwa. Na palepale najisuta, kwa kuwa ni mimi niliyeanza kumwita mwanangu. Nisingeufungua mlango wa mama na mwana, asingemtaja mama yake. Pengine alikuwa anakataa tu kwa upole kuitwa mwana na mtu asiyemjua: mama yangu ninaye, yuko nyumbani. Hilo nalo linachoma kwa namna yake.

Nilimpigia simu baba watoto usiku ule kutoka Voi nikamsimulia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kijana kasema kweli tu, kwani mama yake hayuko nyumbani?" Binti yangu mkubwa, aliyekuwa akisikiliza kando yake, akasema bila shaka yoyote kwamba ile ni sifa, tena sifa kubwa, na kwamba mimi nina tabia ya kutafuta mwiba hata ndani ya halua. Nilikata simu nikiwa siko kwake wala siko kwa baba yake.

Siku hiyo ya kwanza ndiyo ndefu kuliko zote, takriban kilomita 150, nami niliipita yote nikiwa na neno hilo badala ya nyimbo. Mizani ya Mariakani na foleni yake ya malori, Samburu, Taru na vichaka vyake visivyo na kivuli, vyote niliviona kama mtu anayetazama nyuma ya pazia. Mackinnon Road tulisimama kwa sala ya adhuhuri katika ule msikiti ulio kando ya reli, lilipo kaburi la Seyyid Baghali, msimamizi wa vibarua wa reli ya zamani, ambaye inasimuliwa kwamba karai la kokoto lilielea juu ya kichwa chake bila kukigusa. Nilipokuwa mtoto, bi mkubwa alikuwa akinisimulia habari hiyo kila tulipopita kwa basi, na siku zote niliuliza kwa nini alilibeba karai hilo, kama halikumlemea. Safari hii nilikaa barazani pale nikichanganya maji ya njia kama sisi wauguzi tunavyofundisha wadini hospitalini, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa kila lita, kwa sababu kwenye joto la Taru maji matupu hayatoshi kurudisha kinachotoka kwa jasho. Kijana wa Jomvu akaja na chupa yake tupu. Nikamjazia. Nikataka kumuuliza, na midomo ilikwisha kufunguka. Akasema, "Ahsante, mama," akaenda kujilaza ukutani, kofia usoni.

Lile "mama" nalo nililipima. Lilikuwa kama la watu wote.

Siku ya pili mambo yalianza kubadilika, ingawa si kwa sababu ya mtu. Tuliuchagua mwezi wa Agosti kwa ajili ya kusi, maana upepo huo hutoka baharini kusini mashariki, na anayetoka Mombasa kwenda bara huupata mgongoni. Nilikuwa nimelijua jambo hilo kama mtu anavyojua jina la mahali asipofika. Baada ya Voi, barabara ikiwa imenyooka katikati ya Tsavo mbili, ya mashariki na ya magharibi, nilihisi kitu kinanisukuma kwa utulivu, sawasawa, bila kuchoka, pale pale katikati ya mabega. Nilicheka peke yangu kwa furaha, na machozi kidogo yakaja. Karibu na Manyani tulisimamishwa na ndovu waliokuwa wakivuka, wekundu kama matofali. Wenzangu waliwapiga picha mpaka simu zikapata moto, nami nilikuwa nikiwaza kwamba tangu asubuhi nimesukumwa na upepo kilomita nyingi na wala sikuuliza una maana gani.

Mtito Andei, ambao Wakamba wanasema maana yake ni msitu wa tumbusi, nililala kama jiwe.

Jumamosi tulifika Makindu na njaa. Pale kuna hekalu la Masingasinga, lililojengwa mwaka 1926, ambalo humlisha msafiri yeyote bila kumuuliza dini yake wala kumtoza senti. Tulivua viatu, tukafunika vichwa, tukakaa, tukaletewa dengu, wali, chapati na chai ya maziwa. Mzee mmoja alikuwa akipita na kapu la chapati, na kila alipofika mbele yangu alisimama akangoja. Nilichukua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya nne nilisema nimeshiba, naye akaniwekea ya nne, akaenda zake bila neno. Nimekuwa muuguzi miaka 24. Kazi yangu ni kutoa, na nilipokuwa nikiila ile chapati ya nne nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho nilipopokea kitu kwa mtu nisiyemjua bila kukitafutia maelezo. Sikuikumbuka.

Emali tulilala. Jumapili tulipita Sultan Hamud mapema, mji wa bara uliobeba jina la sultani wa Zanzibar aliyetawala tangu 1896 hadi 1902, na mimi kama mtu wa pwani nilijiona nimesalimiwa. Baada ya vilima vya Salama, nchi inafunguka kwenye nyika za Konza, na hapo upepo ulitujia ubavuni. Katika hali hiyo watu hupokezana zamu ya mbele: anayetangulia hukata upepo, walio nyuma yake hupumzika kidogo wakiwa wamemkaribia gurudumu kwa gurudumu. Zamu yangu ilipofika nilikwenda mbele kama wengine. Sikujua nani yuko nyuma yangu. Nilitazama mstari mweupe wa kando, nikasikiliza pumzi yangu, nikahesabu nguzo za umeme, na miguu ile ile iliyoshindwa Mazeras ilikuwa inazunguka kana kwamba si yangu. Sijui ni dakika ngapi zilipita. Kisha nikasikia sauti ile nyuma ya bega langu, ikihema:

"Mama, punguza kidogo, wa nyuma wanakatika."

Hilo nalo nimelirudia wiki nzima. Nimeambiwa na mganga mkuu kwamba kuanzia mwezi ujao nitasimamia wadi, binti yangu mdogo ameitwa chuoni, na yote mawili nimeyapokea kwa shukrani ya haraka haraka, kwa sababu masikioni mwangu mna "punguza kidogo." Nilipunguza. Nilipogeuka kumtazama alikuwa ameinamisha kichwa, jasho likimtiririka puani, naye alikuwa ndani ya kivuli changu cha upepo. Nilimpa tende mbili bila kusimama.

Athi River tulisubiriana kwenye kituo cha mafuta ili tuingie Nairobi pamoja. Kijana wa Jomvu alikuwa amechutama, akiurudisha mnyororo wa mwenzake uliochomoka, simu ameibana baina ya sikio na bega. Aliponiona akanyoosha simu kwangu, vidole vyote vina girisi. "Mama, hebu zungumza na mama."

Nikaipokea kwa ncha za vidole.

"Ndiye wewe?" sauti ya mwanamke ikauliza.

"Ni mimi, dada. Hujambo?"

"Sijambo. Magoti hayakuumi?"

"Yananiuma sana."

"Hata mimi yananiuma," akasema, "nami nimekaa tu." Akacheka, nami nikacheka. Kisha akasema, "Mwambie huyo ale. Akiwa safarini hali." Nikamwambia amekula tende mbili, na kwamba Makindu nilimwona kwa macho yangu akimaliza sahani. Akasema Alhamdulillahi.

Ndipo paliponyamaa kidogo, na katika kimya hicho nilikuwa na swali langu lote kwenye ncha ya ulimi. Ningeweza kumuuliza: mwanao amekuambia nini juu yangu, na amekuambia lini, kabla ya Mazeras au baada yake? "Ndiye wewe?" si neno la mtu anayesikia habari kwa mara ya kwanza. Yule bibi alikuwa na mimi kichwani mwake, pengine tangu mazoezi ya Kilifi, na kama ni hivyo basi kijana aliponiambia kilimani kwamba mama yake yuko nyumbani, alikuwa anamkumbuka mtu ambaye tayari amekwisha kuniulizia. Au sivyo. Sikumuuliza. Nilimtakia afya, nikairudisha simu, na kijana akaipokea kwa bega bila kuinua macho kutoka kwenye mnyororo.

Tuliingia Nairobi saa tisa alasiri. Baiskeli zilirudi kwa lori, sisi kwa treni, na karibu na Mariakani nilisimama dirishani kuitafuta barabara ya Mazeras, lakini jua lilikuwa limezama na sikuona ila taa za malori zikishuka moja moja.

Jumapili ijayo tuna mazoezi mepesi hadi Mtwapa. Nimefunga mahamri sita kwenye begi, mawili yake, na manne ya kumpelekea mama yake, ingawa sijui kama anapenda yenye iliki.

Jana nilikwenda Mji wa Kale kumsalimu bi mkubwa. Wanaofuatilia wanakumbuka ile boriti ya mkoko iliyo juu ya kitanda chake, ambayo nilisema nitaishughulikia nikirudi. Fundi aliipiga nyundo, ikatoa sauti ya kitu kitupu. Amesema atakuja Alhamisi na boriti nyingine, kama ataipata. Bi mkubwa hataki kuhama chumba kile hata kwa usiku mmoja, vuli haiko mbali, na asubuhi ya leo unga wa mchwa ulikuwa umeangukia mto wake.