Siku moja maishani mwangu: kuiandaa boti ishuke kusini mwezi wa saba

Saa 10 alfajiri. Raskazone, hapa Tanga, bado giza, na kipupwe kimenivalisha sweta juu ya shati la kazi. Watu wa Lushoto watanicheka, nyuzi ishirini nazo ni baridi? Waje wasimame majini hadi kifuani saa hizi, kusi, upepo wa kusini, likiwapiga usoni, halafu tuongee.

Maji yamejaa. Nahodha anaisogeza boti polepole, futi 38, injini moja ya dizeli, mpaka mkuku, uti wake wa chini, unagusa mchanga. Tunaweka miega, nguzo za kuiegemeza, pande zote mbili, tunajazia magunia ya mchanga. Tunaipweleza, yaani tunaiacha ikae mchangani maji yakitoka. Siku hii hatukuiokota tu: kilele cha bamvua, yale maji makuu ya mwezi, ni keshokutwa, kwa hiyo maji ya kesho yatapanda kuliko ya leo. Ukipweleza chombo wakati bamvua linapungua, unaweza kukaa nacho ufukweni wiki mbili, watoto wakikifanya goli.

Saa 12. Chai ya tangawizi, mihogo ya kukaanga, maji yakiondoka. Kitabu cha injini kina sura nzima ya baridi: mwaga maji, tia dawa ya kuzuia barafu, hakikisha dizeli haigandi. Kurasa zake ndizo safi kuliko zote. Mwenye boti ni Mmarekani, na aliwahi kunieleza kwamba kwao boti za namna hii hushuka Florida kila mwaka kukimbia baridi, wengine wakingoja msimu wa vimbunga uishe tarehe 30 Novemba. Nikamwambia, bosi, hapa Tanga ukishuka kusini mwezi wa saba unaifuata baridi nyumbani kwake.

Wazee wa majahazi wasingeifanya safari hii. Wao walishuka na kaskazi, wakapanda na kusi. Injini ndiyo imetufanya wabishi. Wageni wa bosi wanangoja Mafia, basi tunakwenda.

Saa 3. Boti imekaa kavu. Mimi na vijana wawili tunakwangua chini: majani, matope, na vile vigamba vyenye makali ya wembe. Mikono yangu imechanjika ovyo. Jahazi lingepakwa shahamu na chokaa. Hili la faiba linataka rangi yake ya mkebe, na bei ya mkebe mmoja sitaitaja, mke wangu anasoma hapa. Zinki ya kwenye shafti imeliwa zaidi ya nusu. Vizuri, kazi yake ni kuliwa ili chumvi isiile shafti na pangaboi. Ukikuta zinki nzima baada ya mwaka, hapo ndipo uogope.

Saa 5. Guta limeleta dizeli, madumu 19 ya lita 20. Kijana anataka kuyapandisha sasa hivi wakati tunaweza kutembea hadi ubavuni.

"Mwanangu, mzigo hupandishwa chombo kikielea," nahodha anamwambia. "Au jioni utaibeba boti mgongoni?"

Madumu yanabaki kivulini. Hesabu yenyewe tuliipiga jana. Kutoka hapa hadi Dar, hatua ya kwanza, ni kama maili 105 za baharini. Boti yetu hutembea maili saba kwa saa ikinywa lita 12. Kwenye maji yaliyotulia ni saa 15, lita 180. Lakini mkondo wa pwani yetu hupanda kaskazini mwaka mzima, na kusi huuongezea nguvu. Ukikunyang'anya maili mbili tu kila saa, safari inakuwa saa 21, lita 252, na hapo bado hujahesabu mawimbi. Ndiyo maana tunajaza tangi mpaka juu. Tena tangi lililojaa halina nafasi ya hewa ya kutoa jasho usiku, na jasho hilo ndilo maji ya kwenye dizeli.

Saa 6 na nusu. Nimefungua pampu ya maji ya bahari nikijua ni kazi ya dakika kumi. Impela, kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji, imekatika mabawa matatu.

Kuweka mpya ni rahisi, ninayo. Tatizo ni hayo matatu yamekwenda wapi. Injini hii haina rejeta ya kupigwa na upepo kama ya gari. Ina kasha la vibomba vyembamba ambamo maji ya bahari huyapoza maji ya injini. Kipande cha mpira kikiziba humo, joto linapanda ukiwa katikati ya mkondo. Nafungua mpira wa kwanza, nakuta bawa moja. Nafungua kifuniko cha kasha, la pili limebana mdomoni. La tatu silioni. Nahodha kila baada ya muda anachungulia: "Vipi, fundi?" Saa 8 maji yameanza kuurambaramba mkuku. Naingiza waya, napuliza kwa pampu ya baiskeli, natukana kimoyomoyo. Mwisho nalikuta kwenye kona ya bomba, limekunjika kama kipande cha korosho. Nayapanga matatu juu ya ubao, nayahesabu mara mbili.

Nafunga kila kitu, na koki ya chini, ya kuingizia maji ya bahari, naihakiki kwa mkono wangu mwenyewe kwamba imefungwa. Nimewahi kuona boti iliyoelea ndani kabla ya kuelea nje.

Saa 10 jioni. Inatikisika, inainuka, miega inalegea. Tunaitoa hadi kina cha kutosha, tunatupa nanga, na sasa kijana anavusha madumu yake kwa mtumbwi, safari tano, bila kumtazama nahodha.

Saa 2 usiku. Majaketi yamehesabiwa, taa zinawaka. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa unataja mawimbi ya mita mbili. Tutapita ndani ya miamba, Yambe, Karange, Kigombe, mkondo uko hafifu karibu na nchi. Nimewasha injini nusu saa. Maji yanatoka nyuma kwa mipigo mizuri, joto limetulia.

Nahodha kajifunika kikoi, kageuza shavu kuelekea nchi kavu, anausubiri umande, upepo wa usiku utokao huko.

"Umande ukianza tu tunang'oa," anasema. "Lala na sweta lako."