Mapigo 68

Ilikuwa mwezi wa saba, Tanga, kusi inavuma mpaka ndani ya korido. Nilikuwa nimeweka koni mbili, mita 30 kati yake. Kipimo chenyewe hakina ufundi: mgonjwa anakwenda na kurudi kwa dakika sita, nawe unahesabu mita, kisha unajua umpangie mazoezi gani. Nilikuwa na miezi minne kazini na saa mpya ya kuhesabia. Nikajiona fundi.

Mama yule alikuwa muuza vitumbua, makamo ya mama yangu, ana kisukari na presha. Nilimwamkia, nikampima presha, nikamsomea maelekezo neno kwa neno. Akaanza kutembea, kanga kaikaza kiunoni, ndala zinapiga sakafu.

Dakika ya tatu nikamuuliza amechoka kiasi gani. Huwa tunatumia namba 6 hadi 20: 6 ni kama umekaa, 20 huwezi tena.

"Sijambo, mwanangu."

Nikaandika 11. Hiyo 11 sijui niliitoa wapi. Mtu wa pwani ukimuuliza hali atakujibu sijambo hata akiwa juu ya machela.

Dakika ya nne akapunguza mwendo, akashika ukuta. Nikamshika kifundo cha mkono: mapigo 68, yametulia kabisa. Nikasema moyoni, amechoka tu huyu. Ndipo nikaona jasho. Baridi ile, na jasho linamtiririka kutoka ukingoni mwa mtandio, shingo imepoa kama mtungi.

Kipima sukari kikasoma 3.1. Sukari imeshuka.

Alikuwa anatumia atenolol, dawa ya presha. Imeandikwa kwenye faili nililokuwa nimelishika mimi mwenyewe. Dawa hiyo huuzuia moyo kwenda mbio hata sukari inaposhuka. Jasho haiwezi kulizuia. Insulini alijichoma alfajiri, pajani, paja lilelile nililokuwa nikilitembeza. Misuli ikifanya kazi hufyonza sukari ya damu, na insulini iliyochomwa hapo nayo huingia upesi zaidi. Nikampa soda nusu chupa, ile yenye sukari. Tukakaa kwenye benchi dakika 15, kimya, halafu nikampima tena. 4.6.

"Mama, asubuhi umekula nini?"

"Nile vipi? Si mmeniita kupimwa?"

Kila alipoitwa kupimwa huko nyuma ilikuwa kutolewa damu, na aliambiwa aje hajala. Kuhusu sindano hakuambiwa kitu, basi akajichoma kama kawaida. Aliamka saa kumi akapika vitumbua vya watu, yeye hakuonja hata kimoja. Na mimi, kati ya maswali yote niliyomuuliza, hilo la kula sikuliuliza.

Jioni nikampigia simu, maana baada ya mazoezi sukari huweza kushuka hata usiku. Nikamuuliza hali. Sijambo.

"Hapana mama, niambie umekula nini."

"Wali na dagaa," akasema. "Haya, sasa niache nisage mchele wangu."