Miaka 44, sipunguzi hata mmoja

Kwa muda mrefu kalenda yangu ilikuwa mwezi wa angani. Aliyekaa Kigoma ataelewa. Wavuvi wa dagaa wanavua kwa taa, na taa haifui dafu mbele ya mbalamwezi. Siku za giza wako ziwani usiku kucha wanachuma. Mwezi ukijaa wanabaki nchi kavu na pesa mfukoni, kuanzia Katonga mpaka Kibirizi, na sisi tulijua pa kukaa. Nilikuwa naweza kukwambia mwezi una siku ngapi bila kutazama juu.

Kazi hii ya ngono niliianza 2006, nina miaka 25, nimerudi Ujiji kwa mama na talaka mkononi na mtoto wa miaka mitatu mgongoni. Sitasimulia nilivyoanza. Kila anayeandika habari zetu anaanzia hapo na kuishia hapo, kana kwamba baada ya siku ya kwanza mtu hapati tena akili. Leo nataka kuongea habari za bei, simu, na uongo wa umri.

Uongo nilifundishwa na mtu wa kaunta, kwenye baa moja ya Mwanga ambayo siitaji. Yeye ndiye aliyekuwa akituita mteja akifika, na kila kichwa alikuwa na chake. "Sema ishirini na nane," aliniambia, wakati huo nina thelathini na moja. Nikasema. Baadaye nikapanda hadi thelathini, halafu thelathini na mbili, na hapo gari likazima. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Wigi, kope za bandia, picha zilizopakwa maziwa na simu. Mwaka 2015, mwezi wa tano, wakimbizi wa Burundi walipojaa Kagunga, kule mpakani, na meli ya Liemba ikawa inawasomba kuwaleta mjini, mji ulifurika wageni wa mashirika na vyumba vikapanda bei. Mwaka ule hakuna aliyeuliza umri. Wageni walipopungua ndipo wasichana wa miaka ishirini na mbili walipoanza kuitwa kaunta kabla yangu, na mimi naachiwa walevi.

Aliyenikamata kwenye uongo huo ni mpima ardhi. Mwaka 2023 walikuja wengi wa aina yake, mkataba wa reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulikuwa umesainiwa Desemba iliyotangulia. Huyu alikuwa mpole, wa miaka hamsini na kitu, kwao Mbeya. Siku hiyo tunakula migebuka Kibirizi, akauliza boti hizi zinakwenda wapi. Nikajisahau. Nikamsimulia mwishoni mwa 1996, vita vilipopiga Uvira kule Kongo, boti zilivyokuwa zinamwaga watu ufukweni, wengine na magodoro, mwingine na mbuzi tu, na sisi wanafunzi wa sekondari tulivyobeba ndoo za maji kuwapelekea. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaendelea kuchambua miiba taratibu, halafu bila kuinua macho akasema:

"Wewe una thelathini na mbili. Mwaka 1996 ulikuwa na miaka mitano. Ndoo ulibebaje?"

Nikamjibu, "Ilikuwa ndoo ndogo."

Alicheka mpaka akapaliwa, mama ntilie akamletea maji. Nikamwambia ukweli: 1981. Nilitegemea akunje sura, au aombe kupunguziwa. Akasema ana binti wa miaka ishirini na nne, na kila akikaa na hawa watoto wa baa anajikuta anawauliza kama wamekula. "Nikitaka kuongea na mtoto nampigia wangu," akasema. Kisha akaniuliza, halafu wale watu wa Uvira walikwenda wapi? Tukakaa pale mpaka giza likaingia.

Nilirudi nyumbani nikachukua daftari la kikoba, nikafungua ukurasa wa nyuma. Mwezi ule nilikuwa na wateja 22, elfu thelathini kila mmoja: laki sita na sitini. Mtu wa kaunta elfu tano kwa kila kichwa, laki na kumi. Bodaboda kwenda na kurudi usiku, elfu themanini na nane. Kucha, nywele, nguo, na zile soda za bei ya bia ili baa isikufukuze mezani, laki na nusu na ushee. Nikabaki na laki tatu na kumi, magoti mabovu, na usingizi wa mchana. Kati ya wale 22, waliokuwa wamelewa niliwahesabu kwa vidole nikamaliza mikono yote miwili.

Basi nikaacha baa. Nimeandika kwa maneno matatu, lakini kuacha kwenyewe kulichukua miezi, maana mtu wa kaunta alikuwa na namba zangu zote na hakupenda. Nikabadilisha laini. Nikaandika tangazo langu mwenyewe, nikalifuta mara nyingi, mpaka likabaki hivi: *Mwanamke mtu mzima, miaka 42. Kigoma mjini. Miadi siku moja kabla. Siji baa, sipokei simu baada ya saa nne usiku.* Kila mwaka nabadilisha namba moja tu. Sasa hivi inasomeka 44. Picha haina uso, ni mkono wangu umeshika kikombe cha kahawa, na pete ya marehemu bibi. Bei nikaitoa elfu thelathini nikaiweka laki na nusu kwa jioni nzima, na elfu hamsini inatangulia.

Jirani yangu, msichana ambaye naye yuko kazini, aliniangalia kama nimepungukiwa. "Mamdogo, yaani unazeeka halafu unapandisha?" Sikuwa na jibu la kumpa, kwa sababu mwezi wa kwanza nilipata mteja mmoja. Wa pili, wawili. Niliuza friji. Kwenye kikoba nilikosa hisa wiki tatu mfululizo, na mweka hazina, ambaye anajua ninachofanya na anajifanya hajui, alinitazama juu ya miwani yake bila kusema neno. Nilikuwa karibu kurudi. Usiku mmoja nilivaa kabisa, nikafika hadi stendi ya bodaboda, nikarudi ndani kwa sababu tu mvua ilianza. Sijui ningekuwa wapi isingenyesha.

Walioanza kuja wakaja kwa kuambizana. Mpima alimwambia mwenzake. Mwenzake akamwambia mzee mmoja mfanyabiashara wa mawese, mjane, anayetaka mtu wa kula naye chakula cha jioni Jumapili na kubishana naye habari za siasa. Sasa napata watano, sita kwa mwezi. Kuna mwezi wanafika wanane na nakataa wengine. Ukiniuliza wananunua nini, nitakwambia kwanza wananunua mdomo uliofungwa. Kigoma ni mji mdogo. Ukipiga chafya Gungu, Katubuka wanakuombea. Msichana wa miaka ishirini na mbili anapiga picha ya chakula kabla hajala. Mimi hata kioo cha gari sijiangalii. Na wananunua mtu asiyeharakisha. Mzee wa mawese aliwahi kunisifia kwamba mimi ni kama Liemba, ya tangu Mjerumani na bado ipo. Nilimwambia Liemba iko matengenezoni, achague sifa nyingine.

Jambo lililonisumbua zaidi ya bei ni jina. Ukimtumia mtu pesa kwa simu, jina lake la usajili linatokea pale, na laini zetu zote zimeshikwa na alama za vidole na kitambulisho cha taifa. Kwa hiyo nilikuwa najificha uso kwenye picha, halafu mteja anatuma elfu hamsini na kusoma majina yangu matatu, la baba na la babu. Naye kwa upande wake mkewe akishika simu anakuta jina la mwanamke. Nikaenda kuchukua namba ya mlipakodi, nikasajili biashara ya vitenge, nikapata lipa namba. Sasa akilipa linatokea jina la duka. Na duka lipo kweli, nilikodi kibaraza, maana sikutaka uongo mwingine wa kukumbuka. Vitenge vya Kongo Kigoma havikosekani, na mimi rangi nazijua. Zamani vijana wa baa waliniita pisi kali. Siku hizi pisi nazikunja na kuzipanga kwenye rafu.

Kwa sheria siko salama, nisijidanganye. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 176, inamgusa anayezurura hadharani kutafuta wateja, na 145 na 146 vinahusu wanaokula kwa jasho la wenzao kwenye biashara hii. Mtu wa kaunta alikuwa ndani ya hivyo miaka yote, na sijawahi kuona akipandishwa kwenye karandinga. Tulikuwa tunapandishwa sisi. Tangu niache kusimama barabarani sijapanda, ila nikisikia gari linapunguza mwendo nyuma yangu usiku, shingo bado inakakamaa.

Kwa usalama wangu nina rafiki mmoja, muuza mawese sokoni Mwanga. Nikifika mahali namtumia ujumbe: *mawese yamefika*. Nikitoka: *nimelipwa*. Na tulikubaliana kwamba ikiwa mbaya nitaandika *yamemwagika*. Nimeliandika mara moja tu. Mgeni alikuwa amekunywa, nami nilikuwa nimekwisha vunja sharti langu kwa sababu alilipa advansi yote. Akafunga mlango na kuweka ufunguo mfukoni. Nikamwambia naomba nimjulishe mtoto nitachelewa. Robo saa haikuisha, shoga yangu yuko mapokezi na waendesha bodaboda wawili, anapiga kelele kwamba ananidai pesa ya ndoo kumi za mafuta na leo hatoki mtu. Mlango ukafunguliwa. Mpaka leo wale vijana wa bodaboda wanadhani mimi ni mdaiwa sugu. Tangu siku hiyo kila mteja mpya tunakutana kwanza kwa chakula cha mchana, mahali penye watu, na nikiona hanipi amani namrudishia elfu hamsini yake hapohapo.

Afya naijali kuliko nilivyokuwa na miaka thelathini ya kweli. Kondomu haina mjadala, hata kwa mzee wa mawese. Napima kila baada ya miezi mitatu. Nilikuwa nachukua PrEP, dawa ya kujikinga na VVU, kwenye kituo cha kundi letu, ambako mwelimishaji rika anakuita kwa jina la utani na hakuna anayekuuliza mume yuko wapi. Mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha fedha za misaada, kituo kikafungwa, na ruhusa waliyoitoa baadaye, Februari, kwa dawa hizo ilitaja wajawazito na wanaonyonyesha tu. Mimi mwezi wangu wenyewe unakuja unapotaka, naamka usiku nimelowa jasho. Ujauzito ningeutoa wapi? Nilipanga foleni hospitali pamoja na kina mama, nikahojiwa na mtu wa umri wa mwanangu, kwa sauti. Nilijibu kwa sauti pia.

Kuhusu majina. Changudoa ninalikataa, na si kwa sababu ya matusi peke yake. Changu doa ni samaki wa bahari, mwenye alama nyeusi ubavuni. Sisi tuko ziwani, mtutukane kwa samaki wa kwetu. Dada poa nimelizidi umri. Kudanga ni kwa wanaodanganya, nami nimeacha. Mpima huniita "mwenyeji wangu", na hilo ndilo nimelichukua.

Mwanangu ana miaka ishirini na mbili, yuko chuo, na anajua nauza vitenge. Huenda anajua na mengine. Hajauliza, nami sijamwandalia jibu.

Wiki iliyopita mpima alikuja kuaga, wamemhamishia upande wa Tabora. Alilipa kwa lipa namba kama kawaida, halafu akasimama dukani akizungusha macho kwenye rafu, akasema anataka pisi mbili za kupeleka nyumbani, ila hajui kuchagua. Nilivaa miwani ya kusomea, nikamuuliza mkewe ana umri gani.

"Arobaini na sita."

"Wa kweli, au wa kwenye tangazo?"

Akacheka. Nikamshushia ya bluu iliyokolea na ile ya kahawia yenye maua makubwa, nikamwambia ya manjano asiiguse, hiyo ni ya watoto. Alitaka kupunguziwa. Sikumpunguzia.