Siku moja na tope la mikoko: kutoka Mtoni Kijichi hadi kwenye kigunduzi

Saa 12 asubuhi. Leo tunachukua tope la mikoko ili kujua kila tabaka lina umri gani na tope limejikusanya kwa kasi gani. Siku ya kwenda huchaguliwa na bahari. Dar es Salaam maji ya bamvua hupwa karibu na saa 4 asubuhi, na hapo unapata muda wa kutosha kusimama kwenye tope. Tunabeba bomba la PVC la inchi 3, urefu mita 1, mdomo wake umenolewa kwa tupa upande wa nje. Nyundo ya mbao, kizibo cha mpira cha kukaza kwa skrubu, kamba na rula. Neno JUU liandikwe kwenye bomba kabla ya kutoka. Ukirudi na bomba ambalo ncha zake mbili zinafanana, hutajua uanzie wapi.

Saa 3 na nusu. Kijito cha Mzinga, ndani ya michu, aina ya mikoko. Tunakwepa ukingo wa mkondo na mashimo ya kaa. Kaa hufukua tope la zamani na kulimwaga juu ya jipya, na kazi yote ya miaka inavurugika.

Tunachofuata ni risasi-210, aina ya madini ya risasi inayotoa mionzi. Uraniamu-238 iliyomo ardhini huishia kuzaa radiamu-226, nayo huzaa radoni-222, gesi inayopanda hewani. Huko angani radoni huoza, yaani hutoa mionzi na kugeuka, hadi kuwa risasi-210, ambayo hushuka na mvua na vumbi na kunasa kwenye chembe laini za tope. Kila miaka 22.3 hubaki nusu. Basi tabaka likifukiwa, risasi yake hupungua kwa mwendo unaojulikana. Ila radiamu iliyomo kwenye tope lenyewe nayo huzaa risasi-210 bila kukoma, kwa hiyo hiyo ya ndani lazima itolewe. Inayobaki, yaani ziada, ndiyo saa yetu.

Saa 4. Bomba linasukumwa polepole, nyundo ni ya mwisho. Kabla ya kulichomoa, pima mara mbili: nje limebaki sm 20, ndani kuna uwazi wa sm 26. Maana yake limezama sm 80 lakini tope ni sm 74, limeshindiliwa sm 6. Usipoandika hizo namba mbili pale pale, kina chako chote ni cha kubahatisha. Kisha jaza maji uwazi huo, kaza kizibo, ndipo uvute kwa kamba. Bila kizibo, tope la chini linateleza na kurudi shimoni.

Saa 6. Bomba husafiri limesimama. Likilazwa kwenye bajaji, matuta ya barabarani yanatosha kuchanganya sm 5 za juu, na hizo ndizo za miaka ya karibuni.

Saa 8 mchana. Kukata. Tope linasukumwa kutoka chini, vipande vya sm 1 hadi kina cha sm 20, kisha vya sm 2. Pima uzito wa kipande kizima kwanza, maana ujazo wake unaujua. Halafu ndipo ukate milimita 3 za pembeni, zilizopakwa tope la juu na ukuta wa bomba. Wengi hugeuza mpangilio huu na kupoteza msongamano. Bomba la kipenyo cha sm 7 ndani hutoa sm za ujazo 38.5 kwa kila sm 1. Kikiwa na gramu 54, na nusu yake ni maji, kikavu ni gramu 27, lakini karibu gramu 1 ya hizo ni chumvi ya bahari. Itoe.

Saa 10. Trei zinaingia kwenye oveni ya nyuzi 60 kwa siku mbili. Baadaye maganda ya chaza hutolewa na kupimwa, tope linasagwa, linajazwa kwenye kikopo kwa kimo kilekile na kufungwa kwa gundi na mkanda. Hapo linakaa wiki 3, hadi radoni iliyonaswa ilingane na radiamu. Kifuniko kikivuja, radiamu itaonekana ndogo, ziada itaonekana kubwa, na tope la kale litajifanya changa.

Saa 11 jioni. Kwa hiyo kikopo kinachoingia leo kwenye kigunduzi cha jermaniamu, chombo cha kupima mionzi, ni cha mwezi uliopita. Risasi-210 husomwa kwenye keV 46.5 (keV ni kipimo cha nishati ya mionzi), mionzi dhaifu inayomezwa na sampuli yenyewe, ndiyo maana msongamano lazima usahihishwe. Radiamu husomwa kupitia watoto wake, yaani elementi zinazotokana na kuoza kwake, keV 352 na 609. Kichekesho cha fani: kinga inayozunguka kigunduzi ni risasi, na risasi mpya ina risasi-210 yake. Ndani huwekwa ya zamani, iliyokwisha kuoza. Angalia naitrojeni ya kimiminika inayopoza kigunduzi; ikiisha usiku, kigunduzi kinapata joto na hesabu ya saa 24 inaanza upya.

Saa 1 usiku. Grafu ya bomba lililotangulia. Ziada inapungua nusu kila sm 6, yaani karibu milimita 2.7 kwa mwaka. Sm 18 ni miaka 67. Kwenye sm 11 inashuka ghafla, na hapo wengi husoma tope la kale. Tunafungua trei ya akiba: ni mchanga. Mafuriko yalileta chembe kubwa zisizoshika risasi. Kipande hicho kinapita kwenye chekecho ya mikroni 63 kesho asubuhi, ili mchanga utengwe na chembe laini.